Changu Niliyemrudisha

Kosa langu la mwanzo katika kuvua lilikuwa kumrudisha baharini samaki ambaye bibi yangu alikuwa akimngoja. Nalitaja mapema kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki huanza mbali, nikajitetea, na nikifika kwenye kosa huwa nimeshalipamba.

Nilijifunza kuvua kwa simu. Hapa kijijini kwetu Msuka mvuvi hatafutwi, wamejaa, lakini mimi naona haya kuuliza. Nikikosea mbele ya mtu, silali. Kwa hiyo nilijifungia chumbani na video za mtu mmoja anayevua kwa starehe kwenye bwawa la umeme huko nchi za mbali, bwawa kubwa hata mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake. Alikuwa akionesha kwa kidole: huku kwetu, kule kwa wenzetu, ukivua kule bila kibali chao unakamatwa. Nilikuwa naisimamisha video nikitafuta mstari juu ya maji, nisiuone. Akimpata samaki alimpima, akampiga picha, kisha akamrudisha taratibu kama anayelaza mtoto. Niliandika yote kwenye daftari. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Asiyefika urefu wa rula, mwache aende. Nilifanya mazoezi ya kufunga ndoana mpaka vidole vikachubuka, na fimbo ya kuvulia niliyoipata Chake Chake niliifuta kila siku kabla haijaonja maji.

Siku hizo bibi alikuwa ametoka kwenye homa na chakula kimemshinda. Uji vijiko viwili, basi. Kwetu, samaki wa kwanza wa mtu anayeanza kuvua hauzwi wala hagawiwi. Hupelekwa kwa mkubwa wa nyumba, naye hula kwanza na kumwombea dua aliyemvua. Bibi alisema atakula siku nitakayomletea wangu. Mwanawe, mjomba wangu, mvuvi tangu utotoni, alikuwa ameicheka fimbo yangu akiuliza kama ni ya kuvulia au ya kuangulia mashokishoki mtini. Hata hivyo alinichukua kwenye mtumbwi wake, kwa ajili ya mama yake.

Jua halijawa kali nikanasa samaki aina ya changu. Nikalowesha mikono. Nikampima. Alipungua upana wa vidole viwili. Nilimtazama na sikuona samaki. Niliona bibi akimwombea dua mtu aliyeleta kitu pungufu. Nikampiga picha, nikamshusha majini, akaenda zake. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Niligeuka nikitegemea mjomba atanisifu.

"Kakuponyoka?" aliuliza.

"Hapana, mjomba. Nimemrudisha."

"Ana kasoro gani?"

"Mdogo."

Hakugomba. Alivuta mshipi wake wa kuvulia polepole, akauzungusha kwenye kibao, akasema, "Mama angekula leo."

Tulikaa mpaka maji yakaanza kupwa na fimbo yangu haikuguswa tena. Dikoni, tulipokuwa tukipandisha mtumbwi, mzee mmoja aliuliza tumepata nini, na mjomba, ambaye hajui kuficha, akamweleza. Yule mzee akanigeukia. "Sasa, mwanangu, ulimwita juu aje kukuamkia?" Watu walicheka, na kwa wiki nzima niliulizwa kama changu wangu keshafika kwao salama.

Siku ile, njiani kurudi nyumbani, mjomba alichagua samaki mmoja katika wake akanitia mkononi. "Mpelekee. Mwambie wako. Ale tu."

Nilimchukua. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka leo sijachanganuka vizuri. Nikimwambia ni wangu, atakula, na dua yake itakuwa imesimama juu ya uongo. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimeulinda ukweli wangu kwa njaa yake. Mama yangu alimpika mchuzi wa nazi. Bibi alikalishwa, akamega tonge, akanitazama.

"Huyu wako?"

"Wa mjomba, bibi. Wangu nilimrudisha baharini."

Tonge lilirudi sahanini. "Kwani ulimvua kwa nini?" aliuliza, na hakuwa na hasira, alitaka kujua. Daftari zima halikuwa na jibu. Akanawa mkono akasema, "Basi n'nangoja."

Usiku ule alilala na uji wake ule ule. Asubuhi nilimwendea mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, akanambia kumsumbua kiumbe kwa mchezo tu si jambo jema. Nikarudi nikakutana na jirani aliye kwenye kamati ya uvuvi, akanambia nilifanya vyema, wadogo waachwe wakue. Wote wawili nawaheshimu. Nilisimama njiani nikihisi kama nipo juu ya lile bwawa, sijui nimeshavuka au bado.

Nilichojua ni kwamba bibi hajala. Niliiacha fimbo nyumbani, nikaazima mshipi wa mjomba, nikaenda kukaa kwenye mawe peke yangu. Siku ya kwanza sikupata kitu. Ya pili, alasiri, nilipata tasi, samaki ambaye hakuzidi kiganja changu. Sikumpima. Nilitembea naye mpaka nyumbani nikiona aibu kila hatua.

Bibi alimla wote, polepole, akichambua. Alinyanyua mikono akaomba dua ndefu, nikaitikia amina. Alipomaliza alitoa mwiba mdomoni akauweka ukingoni mwa sahani. "Mdogo huyu," alisema. "Na ana miba." Kisha akaomba wali kidogo.

Video za bwawani bado nazitazama, na bado sijui nani kati ya mwalimu na yule jirani yuko sawa zaidi. Kilichobadilika ni kimoja. Siku hizi kabla sijaenda kuvua namuuliza bibi kama anataka samaki. Akisema hataki, siendi.