Nyumba ya Miguu Tatu

Hii niliiona na macho yangu mbili, hapa Kindu, muchana kabisa. Anayetaka kucheka, acheke.

Kwetu, kitu ya miguu tatu njo kiti kidogo cha jikoni. Udongo uwe na mashimo, hakiyumbi. Lakini Asha, mbanda wangu, bibi wa pili wa bwana yetu Saleh, alichukua lile neno akalipeleka kwa ndoa.

"Nyumba yetu njo ya miguu tatu," aliambia majirani. "Saleh, dada huyu, na miye."

Dada! Saleh alicheka naye. Na miye wa kwanza, alicheka na miye wakati gani?

Wakati wa vita, siku moja Saleh yuko kazini bandarini, mutu akaingia lupango letu, mule uani. Mvua ilikuwa inamwagika, na kanzu yake kavu. Niamini.

"Hodi, bamama. Nyumba ya miguu tatu njo hii?"

"Njo hii, baba!" Asha akajibu mbio, na kiburi yake.

"Naomba muguu moja."

Nikamunongoneza: "We Asha, usimujibu mutu hatumujue."

Asha alifikiri anaomba muguu wa kiti. Akacheka: "Chukua, baba! Chukua ule unaobeba uzito!"

Mutu akashukuru, akatoka. Kiti hakukigusa. Kwa matope kulibaki nyayo mbili, na katikati yao tundu la muviringo, kama la muguu wa kiti.

Jua halijashuka, walituletea Saleh, amefunikwa. Nilimujua kwa muguu, ule usio na kidole kidogo. Treni ilikikata zamani. Nataja majina, siogope: risasi ilipigwa na kamanda Mulenda. Lakini aliyemutoa Saleh njo Asha.

Vita iliisha. Tungali lupango moja, wajane wawili. Kila mvua kubwa, nyayo zinarudi. Tundu haliko tena. Katikati kuko alama ya muguu wa mutu, bila kidole kidogo. Unafikiri zinaenda wapi? Mulango ya Asha. Zinasimama pale, zinageuka. Kwangu hazijafika hata mara moja.

Basi weye unayesoma, mutu akikuulizia kitu ya miguu tatu, muulize kwanza: kiti ao nyumba? Na ukiwa na mbanda, umuzuie kujibu wageni.

Asha hajui kwamba bwana anakuja. Mvua ikikatika, naamuka yeye angali analala, nashika ufagio pale kwa mulango yake.