Opena yangu ya Nakuru

Leo opena yangu ya chupa imeniokoa hapa Jeddah, wacheni niwaambie.

Nilikuwa weita wa baa Nakuru, na sheria ya huko mnaijua: chupa inafunguliwa mbele ya mteja, asije akashuku umemtilia kitu.

Huku mkahawani tunauza bia ya shayiri isiyo na kileo, na zote zinafunguliwa kaunta. Supervaiza alishanionya: "Ukifungulia mezani tena, halas, unaenda kuosha vyombo."

Sasa leo kumejaa. Mzee mmoja Msaudi akarudisha chupa. Ilikuwa imekaa kaunta wazi mpaka gesi ikaisha.

"Mafi gesi!" akalalamika, yaani haina gesi.

Nikampelekea nyingine. Akarudisha pia. Supervaiza ananitolea macho, utadhani ni mimi nimeinywa.

Nikasema potelea mbali. Nikabeba iliyofungwa, nikaifungulia mbele yake kwa opena yangu. Tssss!

Mzee akacheka, akawaambia watu wa meza ya pili, "Mwambieni awafungulie hivi!"

Mara meza nne zinaniita, yalla, yalla, njoo haraka.

Supervaiza akaja mbio. Nikajua nimeisha.

Akaninyang'anya opena, akaanza kufungulia wateja mwenyewe, anatabasamu kama yeye ndiye alianzisha.

Vyombo sijaosha. Opena pia sijarudishiwa.

Watu wa Nakuru, ukiletewa chupa imeshafunguliwa, unakunywa ama unarudisha?