Mwenyekiti aliyesema Wakristo hawana neno

Jua bado halijachungulia kutoka nyuma ya milima ya Umatengo, lakini mwambao wa Mbaha umeshaamka. Mitumbwi ya wavuvi wa usipa inaingia mmoja mmoja, taa zake za sola bado zinawaka, na kina mama wanaingia majini hadi magotini na ndoo zao kuipokea. Albina Challe haingii majini. Amesimama pembeni na ndoo tupu, akisubiri wenzake wamalize.

Mtumbwi wa kwanza unamwuzia kila aliyenyoosha ndoo, isipokuwa yeye. Wa pili nao vivyo hivyo. Hakuna anayemtukana wala kumsukuma. Wanamsalimia kwa adabu, "Mwenyekiti, umeamkaje?", kisha wanageukia ndoo ya mwingine.

Anachopata mwishowe ni mabaki ya mtumbwi wa wageni kutoka upande wa Lituhi, watu wasiojua habari za hapa. Anawaosha samaki wake na kuwatandaza kwenye chanja ya matete, taratibu, kama mtu anayepamba meza ya wageni. Ana chanja nne. Leo hata moja haijajaa.

"Ndivyo inavyotakiwa," anasema, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Usinionee huruma kwenye gazeti lako."

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, na Albina, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, amewaanika tangu akiwa msichana. Ndio waliomsomeshea watoto watatu baada ya mumewe kufariki. Bintiye mkubwa, Careen, ana saluni Mbinga. Wadogo wawili wako sekondari ya bweni. Msimu ukikubali, Albina alizoea kubaki na shilingi laki mbili kwa mwezi. Mwezi uliopita hakufikisha elfu arobaini.

Uenyekiti anaoitwa nao ni wa jumuiya, kaya ishirini na kitu za Wakatoliki wanaosali pamoja kila Jumamosi alfajiri, wakizunguka nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa jumuiya hana mshahara wala ofisi. Yeye ndiye anayejua nani anaumwa, nani kalala njaa, nani kamfukuza mkewe jana usiku. Msiba ukitokea, simu ya kwanza huwa yake. Kwa kifupi ni kazi ya kuchoka bila shukrani, na Albina aliipenda.

Sasa akiitwa "Mwenyekiti" anainamisha kichwa.

Masika ya mwaka jana mtumbwi wa mvuvi mmoja, Kilian Mbawala, ulipinduka na mdogo wake akafa maji. Haukupita muda mrefu, mtoto wa Kilian akafa kwa homa. Ziwa huua watu kila masika, na homa huua watoto, hilo kila mtu analijua. Lakini misiba miwili katika nyumba moja ilianza kutafutiwa mwenyewe.

Kilian ni Mkatoliki, tena ndiye sauti ya chini ya kwaya ya kigango, kanisa dogo la hapa kijijini. Hilo halikumzuia kupendekeza kijiji kiwaite lambalamba, waganga wanaozunguka vijijini wakidai wanafukua uchawi uliofichwa kwenye nyumba za watu. Kila kaya ichange debe la mahindi au la usipa. Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, na mikono iliyonyooshwa kuunga mkono ilikuwa ile ile inayonyooshwa Jumapili kupeleka vipaji altareni.

Mtendaji wa kijiji, Ambokile Mwaisumo, hakufunga mjadala. Alitazama huku na huku akamwona Albina. Katekista alikuwa kwenye semina Mbinga, kwa hiyo Mtendaji akamtaka mwenyekiti wa jumuiya asimame aeleze Wakristo wanasemaje.

Albina alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Wakristo hatuna neno." Kisha akakaa.

Watu walipiga makofi. Anasema makofi hayo bado anayasikia akiwa anapika.

Alipoulizwa kwa nini alijibu vile, hakutafuta maneno ya kujisitiri. Kilian ndiye aliyekuwa akimwuzia samaki wengi kuliko wote, na siku ile alikuwa amemkazia macho. Isitoshe, anayempinga mganga hujitangaza kuwa ana kitu anachoficha. "Niliwaza chanja zangu, nikawaza watanifikiriaje," anasema. "Kuanzia nilipoinuka hadi nilipokaa, Mungu hakunijia kichwani hata kidogo. Na nilikuwa nimesimama kwa jina lake."

Mtendaji Ambokile, Mmoraviani aliyehamishiwa hapa kutoka Rungwe, naye hana raha na siku ile. Anajua fika kuwa ramli chonganishi zimepigwa marufuku, na angeweza kusema hivyo mwenyewe na mkutano ukaishia hapo. Hakutaka kuonekana mgeni anayekuja kuwafundisha wenyeji. Alitaka mwenyeji mmoja apinge, apate pa kushikia. "Nilijificha nyuma ya swali," anasema, huku akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Yule mama nilimsukuma mbele yangu."

Waganga walikuja. Walicheza ngoma, wakanusanusa milango, na siku ya tatu wakasimama kwa Bibi Scholastica Nyoni.

Bibi Scholastica ana miaka sabini na ushee. Ni mama wa ubatizo wa Albina. Ndiye aliyemfundisha Baba Yetu, na ndiye aliyemfundisha kugeuza usipa kabla upande mmoja haujakauka sana ukavunjika. Kosa lake lilikuwa kuishi peke yake, kuwa na macho mekundu ya moshi, na kuwa na mbuzi waliokuwa wakizaa vizuri.

Walichimba mlangoni kwake, na mmoja wao akatoka shimoni na pembe iliyoviringishiwa kitambaa chekundu. Kwa utaratibu wao, mwenye pembe hunyweshwa dawa na kunyolewa kichwa, ili uchawi umtoke na jamii imsamehe. Wengi hukubali yaishe. Bibi Scholastica alikataa. Waliokuwepo wanakumbuka maneno yake, kwa sababu hakupiga kelele.

"Hapa kichwani nilimwagiwa maji ya ubatizo," alisema. "Sinyoi na sinywi. Kama mnataka kuniua, mniue, lakini msiniambie nimekubali."

Walimshika mikono wakamnyoa kwa nguvu.

Albina alikuwa umbali wa kutupa jiwe, kwenye chanja zake. Alisikia kila kitu. Anasema alikuwa akigeuza dagaa, alipomaliza akaanza kuwageuza tena, wakaanza kukatika vichwa mikononi mwake, naye hakuacha. Hakutazama nyuma hadi ngoma ilipohamia mtaa mwingine.

Siku hizi jambo haliishii pale lilipotendeka. Vijana walikuwa na simu zao, na kabla ya jioni video ya mama mzee akinyolewa ilikuwa imezagaa kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima, ikapanda hadi Litembo, ikamfikia mjukuu wake Dar es Salaam. Ilimfikia Albina pia. Anayo hadi leo, na alimwonyesha mwandishi wa makala haya bila kuombwa.

Katika video hiyo, nyuma ya kichwa cha Bibi Scholastica, anaonekana mwanamke mwenye kitenge chenye picha ya Bikira Maria. Amewapa watu mgongo. Mikono yake inakwenda na kurudi juu ya chanja.

"Nimeiangalia mara nyingi," anasema Albina. "Ninamsubiri yule mwanamke ageuke. Hageuki."

Kisha akamtazama mwandishi usoni akamwuliza kama yeye, angekuwepo siku ile, angesema. Mwandishi aliuliza bei ya debe la usipa mnadani.

Wiki ile ile mtoto wa Bibi Scholastica, Raimundi, alikuja kumchukua mama yake akampeleka kwake Kingerikiti. Nyumba ikafungwa. Jumuiya iliendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ya Bibi Scholastica ilipofika ikarukwa kimya kimya, kama watu wanavyoruka dimbwi njiani. Mwenyekiti ndiye aliyepanga zamu.

Padre alipopita kigangoni kabla ya Pasaka, Albina aliungama. "Padre aliniondolea dhambi," anasema. "Aibu hakuiondoa, na nadhani haikuwa kazi yake."

Ndipo akafunga usipa kwenye mfuko, akasafiri hadi Mbamba Bay, na kutoka huko akapanda bodaboda kwenda Kingerikiti. Alimkuta Bibi Scholastica jikoni, kajifunga kitambaa kichwani. Alipiga magoti, akasema shikamoo, bibi akaitikia marahaba na kumwambia avute kigoda. Walikula ugali pamoja. Albina alijaribu kuanza toba yake mara mbili, na mara mbili akaongezewa mboga.

Sahani zilipoondolewa ndipo mama wa ubatizo akasema lake. "Mwanangu, nimekusamehe kabla hujashuka kwenye pikipiki. Lakini usinitubie jikoni kwa Raimundi. Mimi sikunyolewa jikoni. Ulisema mkutanoni, kaseme mkutanoni."

Albina aliondoka bila kulala. Anakiri kwamba njia nzima alimkasirikia. Alikuwa ametumaini kulia kidogo, kusamehewa, na kurudi kwenye chanja zake akiwa mwepesi.

Mkutano uliofuata wa kijiji ulikuwa na ajenda ya kisima na ya choo cha shule. Katika mengineyo, kundi la Kilian likaomba lambalamba waitwe tena, wafanye "usafi wa mwaka." Mikono ikaanza kunyooka. Albina naye akanyoosha wake, na safari hii hakusubiri kuulizwa.

"Mwaka jana niliulizwa Wakristo tunasemaje, nikadanganya," alisema. "Tumeahidi kwenye ubatizo kumkataa shetani na mambo yake yote, halafu tukachanga mahindi. Bibi Scholastica peke yake ndiye aliyeitunza ahadi, na sisi tukamnyoa. Mimi ndiye niliyemtoa kwa waganga. Naomba radhi mbele yenu, na waganga hao siwataki."

Walioshuhudia wanasema palikuwa kimya kama kanisani wakati wa kusomwa majina ya waliochelewa kulipa michango. Wanajumuiya wake, walioketi pamoja kwenye magogo, kila mmoja alipata kitu cha kutazama chini. Hakuna aliyesimama naye. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: kama huna kitu, unaogopa nini wakija? Watu wakacheka, Albina akakaa.

Mtendaji Ambokile ndiye aliyesimama baada yake. Alisoma marufuku ya serikali neno kwa neno na kusema yeyote atakayewaleta waganga atamkabidhi polisi. Ombi likafa. Hajapendwa tangu siku hiyo, lakini anasema sasa akila, chakula kinashuka.

Kilian hana hasira, na hilo ndilo linalomuumiza Albina zaidi. Tulimkuta akishona wavu. Alikubali kwamba amewaambia wenzake wasimwuzie, na hakuona haya kusema hivyo. "Mwaka jana alipokubali, nilijua kuna mtu analia na mimi," alisema. "Sasa anasema hakuna mchawi. Basi aje aniambie mwanangu kafa kwa nini." Aliuma uzi akaukata, akaendelea na kazi. Albina alielezwa maneno hayo. Alisema siku ya msiba ule alipika, akachota maji, akaongoza rozari, na hakuwahi kukaa na Kilian wamzungumzie mtoto. Atakwenda, kama atafunguliwa mlango.

Ila kwanza kuna Jumamosi.

Jumamosi hii Albina ametangaza kuwa jumuiya itasali nyumbani kwa Bibi Scholastica. Ameomba funguo kwa Raimundi, akafagia mwenyewe, akatoa popo. Shimo la mlangoni bado lipo, kuku wa jirani wanaoga vumbi humo. Hakulifukia. Anasema anayekuja kusali itabidi alipite.

Bibi Scholastica ameleta salamu kupitia Raimundi kwamba atashuka Ijumaa. Kusali atasali. Kama atabaki au atarudi na pikipiki ile ile, ataamua akishaona nani amekuja.

Na nani atakuja? Tangu tangazo litoke, safari za Mbinga zimeongezeka ghafla katika kaya ishirini na kitu. Mmoja ana mgonjwa Litembo. Mwingine goti limeanza kumsumbua siku tatu kabla ya siku yenyewe, goti lenye subira kweli. Ukimwuliza Albina kama ana uchungu na watu hao, anatikisa kichwa huku akiinua dagaa wake wachache aliowapata leo na kuwapindua upande wa pili.

"Ningekuwa wao, goti langu lingekuwa limeshavimba," anasema. "Mimi najijua. Ndiyo maana nimemwomba Careen ashuke Ijumaa alale hapa kwangu. Nimemwambia Jumamosi aniamshe, na nikimwambia naumwa, asiniamini."