Siku Temeke Ilipojadili Askari wa Malaya

Siku ya kwanza nilipopelekwa mahakamani kuwa mkalimani, nilivaa koti la mjomba lililonipwaya mabegani, nikasimama baina ya meza ya Hakimu na kizimba. Mshtakiwa akasema hakuiba mbuzi. Nikamgeukia Hakimu na Kiingereza changu cha shule: "Anasema hakuiba mbuzi."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Nani huyo anayesema? Mtu akisema mimi, na wewe sema mimi. Akilia, sauti yako isicheke."

Hiyo ndiyo sheria kuu ya ukalimani, vijana wangu, na mie niliipata kwa kukemewa hadharani. Mashine za kuvaa masikioni hatukuwa nazo. Tulikuwa na namna mbili tu za kazi. Ya kwanza ni tafsiri ya kituo: msemaji anasema kidogo, anatua, nawe unasema. Ya pili ni ya kunong'ona: unakaa nyuma ya bega la mkubwa na kummiminia sikioni kila kinachosemwa, bila msemaji kukungoja. Hii ya pili ndiyo inayochemsha damu. Sikio liko kwenye sentensi hii, mdomo bado unamalizia ile.

Kutoka mahakamani nilihamishiwa bomani, chini ya Karani Mkuu, kutafsiri matangazo ya kodi, chanjo na mbwa wazururaji. Nilidhani nitazeekea humo. Kisha akaja Bwana Shauri mpya, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wilaya. Alikuwa Mwingereza kijana, mrefu kama mnazi, aliyependa kusikia watu wanasema nini hata pale alipojua hayatamfurahisha. Akanichukua niwe mkalimani wake, tukawa tunazunguka pamoja Kinondoni, Temeke, hadi Boko kwenye barabara ya Bagamoyo.

Siku hizo Mwingereza alikuwa na vita vya msituni huko Malaya, Asia ya mbali, na askari wetu wa Kiafrika walipelekwa kumsaidia kuishikilia nchi ile. Klabu moja ya majadiliano ya Temeke, ya walimu, makarani na wafanyabiashara, ikatangaza hoja yake ya Jumamosi alasiri: "Askari wetu warudishwe kutoka Malaya."

Karani Mkuu alitaka mkutano upigwe marufuku. Bwana Shauri akakataa. "Wakisema ukumbini nitawasikia wenyewe. Wakisema vichochoroni, nitaletewa uvumi."

Basi tukaenda. Akaja pia Meja mmoja wa jeshi, aliyekuwa akiandikisha askari wapya. Nikaweka kiti changu nyuma yao, baina ya mabega yao mawili.

Ukumbi ulifurika hadi watu wakaning'inia madirishani. Wa kwanza kuutikisa alikuwa mpinga hoja, Sajini Chilumba, mstaafu, mtu wa Masasi aliyepigana Burma.

"Wapo wenyeji wa Malaya waliotuamini sisi askari," alisema. "Wametuonyesha njia, wametupikia. Tukiondoka leo, kesho nani atasimama mlangoni pao? Askari hatoki lindoni kwa sababu nyumbani wamemkumbuka!"

Makofi yalipigwa hata na waliokuja kumpinga. Meja akatabasamu. Nami nilikuwa nanong'ona mbio mbio, jasho linanitiririka shingoni.

Akasimama mama mmoja katikati ya ukumbi. "Naitwa Zuhura binti Salum, napika vitumbua hapa Temeke. Mwanangu yuko Malaya."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Wanacheka nini?" Meja akaniuliza.

"Jina la nchi ile, bwana. Kwa Kiswahili ni mwanamke anayeuza mwili."

Masikio ya Meja yakawa mekundu. Bi Zuhura hakuketi. Alingoja hadi kicheko kikawaishia wenyewe. "Chekeni. Mkimaliza, mniambie mwanangu anamlinda nani huko, na huyo anayelindwa kama alimwita."

Ndipo akainuka kijana mwenye sare na fimbo, Koplo Mbaraka, aliyerudishwa kwa jeraha la goti.

"Shikamoo Sajini," alianza. "Mie nimetoka huko. Tuliwahamisha watu vijijini mwao, tukawazungushia waya, sie tukasimama getini na bunduki. Wapo waliotushukuru, siwezi kusema uongo. Lakini bibi mmoja alinijia na bakuli la maji. Nikadhani ananipa ninywe. Akayamwaga mbele ya viatu vyangu, akanitazama. Lugha yake siijui hata neno moja, na nilimwelewa yote."

Meja akaruka kutoka kitini. "Koplo, kaa chini!"

Alisema kwa Kiingereza, na kazi yangu ni kazi yangu. Nikasimama, nikapaaza sauti ile ile: "Koplo, kaa chini!"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti, mwalimu mfupi mwenye miwani, akapiga meza kwa ngumi. "Humu ndani anayekalisha watu ni mwenyekiti! Mkalimani, mwambie Bwana Meja akae."

Nikamgeukia Meja. "Humu ndani," nikasema kwa Kiingereza, "anayekalisha watu ni mimi. Kaa, Bwana Meja."

Bwana Shauri aliangalia dari, midomo ameibana. Meja akakaa. Wallahi, sijapata kuipenda kazi yangu kama dakika ile!

Bi Zuhura akanyoosha tena mkono. "Mwenyekiti, nina swali. Ikiwa watu wa kule wana haki ya kuachiwa nchi yao, je, sisi wa hapa? Hawa nao wataondoka lini?" Kidole chake kilielekea moja kwa moja mabega mawili yaliyokuwa mbele yangu.

"Amesema nini?" Bwana Shauri akauliza, maana mnong'ono wangu ulikuwa umekatika.

Watu wote wakautazama mdomo wangu. Neno moja laini lingetosha kuniokoa, na nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nikasema lote, kama lilivyotoka kwake.

Bwana Shauri akasimama. "Mwambie mama kwamba swali lake si hoja ya leo." Akatua, nikatafsiri. Watu wakaguna. "Lakini ni swali halali, na mimi sina jibu."

Hilo nalo nikalitafsiri, na miguno ikageuka vifijo.

Mikono ya waliotaka askari warudi ilijaa hata mwenyekiti hakuona haja ya kuihesabu. Sajini Chilumba alipiga kura ya kukataa, kisha akamshika Koplo mkono na kumteremsha ngazini.

Jeshi halikurudi kwa kura ya Temeke. Koplo aliachishwa jeshi, akafungua karakana ya baiskeli Kinondoni. Mwana wa Bi Zuhura alirejea baadaye pamoja na wenziwe, amekonda lakini mzima, na mtaa wote tulikula vitumbua bure. Bwana Shauri akahamishiwa bara, nami nikarudishwa kwa Karani Mkuu na mbwa wake wazururaji.

Nimestaafu zamani. Kinachonijia bado ni ile pumzi moja baina ya kusikia na kusema, ukumbi mzima umenyamaza unakungoja. Ninyi mnaoingia kazi hii mtashawishika kuyalainisha maneno ya watu ili wakubwa wasikasirike. Msiyalainishe. Atakayekasirika, na akasirikie alichoambiwa kweli.