Watu Arobaini na Mmoja, Vitanda Sita

Mtu mwingine akitaka kwenda kulala siku mbili tatu kwenye kibanda cha mbao kando ya ziwa, hupiga simu, hufunga begi, huyo anaondoka. Sisi tuliunda kamati.

Ilianzia sebuleni kwetu Rissne, huku Uswidi, Januari moja ya miaka ya themanini, kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa na miaka saba. Darasani kwake kila mtoto alikuwa na stuga, yaani kibanda cha familia porini, na yeye alikuwa na ghorofa ya nne. Nilimwahidi kwamba kabla shule haijafunguliwa Agosti, atalala kando ya ziwa. Kosa langu lilikuwa kutoa ahadi hiyo mbele ya wageni.

Wageni walifurahi mno. Mganda mmoja, aliyekuwa mwalimu mkuu kwao kabla ya kukimbia na sasa alikuwa akipanga maboksi kwenye ghala huko Jordbro, alisema jambo kubwa kama hilo haliendi hivihivi. Kabla chai haijapoa alikuwa mwenyekiti, mimi katibu, na mama mmoja wa Kikongo kutoka Hässelby alikuwa kamati nzima ya chakula.

"Mimi ntaleta sombe na samaki," alisema yule mama; sombe ndicho kisamvu cha kwao. "Voilà, kamati imemaliza."

"Bado haijafunguliwa," mwenyekiti akamjibu.

Tulikutana kila Jumamosi. Nina haki ya kusema nilichoka, maana aliyekuwa akiandika ni mimi. Jumamosi tatu zilikwenda kwa älg, yule mnyama wao mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye pembe pana. Je, anakula watu? Mswidi mmoja kazini kwangu aliniambia anakula majani. Kamati ikapokea taarifa hiyo, ikaishukuru, halafu ikaunda kamati ndogo ya ulinzi.

Kisha ikaja idadi. Kibanda chenyewe, alichokuwa akikodisha bibi mmoja wa Kiswidi karibu na hifadhi ya msitu, kilikuwa na vitanda sita. Orodha yetu, niliyompelekea bibi wakati wa Pasaka, ilifika watu arobaini na mmoja. Hakuna aliyethubutu kupendekeza tupunguze. Ungemkata nani, na ungemtazama vipi siku ya harusi? Mwenyekiti akachora ratiba ya zamu za kulala, saa mbili mbili, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Wa kwanza wangepanda kitandani saa kumi jioni, wa mwisho wangeamka saa kumi na mbili asubuhi, na nafasi moja iliyobaki ikawekwa akiba kwa mgeni wa ghafla. Alitaka pia kengele. Nikamwuliza kengele ya nini na watu wamelala. Akanitazama kwa huruma.

"Ndugu katibu," akasema, "bila kengele, hiyo si ratiba."

Mwishoni mwa Julai bibi akatuandikia barua: tumjibu kama tunakichukua kibanda kabla ya Ijumaa mchana, la sivyo atampa mwingine. Mwenyekiti akaamua barua isomwe Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya kikao. Damu ilinichemka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na buti zake za mpira, ambazo alikuwa akizivaa humo ndani tangu Juni.

Ijumaa asubuhi nilimpigia bibi simu kutoka kazini. Nikamwambia tutakuwa watatu.

"Watatu?" akasema. "Ashukuriwe Mungu. Tangu Pasaka nahesabu mashuka."

Jumamosi nikaiambia kamati kwamba kibanda kimeshachukuliwa. Sikusema kimechukuliwa na nani. Mwenyekiti aliikunja ratiba yake taratibu, akaitia mfukoni, akaomba kikao kiahirishwe. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Wiki iliyofuata tukaenda, mimi, mke wangu na binti yetu. Ziwa lilikuwapo, msitu ulikuwapo, kimya kilikuwapo. Mke wangu akafungua madirisha. Binti yangu akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, akaikodolea macho barabara hadi chakula cha mchana.

"När kommer de andra?" akaniuliza kwa Kiswidi. Wengine wanakuja lini?

Nikamwambia hawaji. Alilia vibaya sana, na maji hakuyagusa. Kumbe miezi yote ile alikuwa akisubiri watu, ziwa lilikuwa mahali pa kukutana nao tu. Mke wangu alinyoosha kidole kuelekea nyumba ya bibi, kwenye simu.

Mwenyekiti alipokea mwenyewe. Nikamweleza yote: simu ya Ijumaa, uongo wa Jumamosi, mtoto anayelia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningenyamaza. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Ziwa likoje?"

Niliona aibu. Mtu huyu alilipangia ziwa lile tangu Januari, na mimi nililitazama asubuhi nzima nikiwaza mbu. Nikamwambia ni kubwa, maji yake ni meusi lakini safi, na upande wa pili kuna miti hadi upeo wa macho. Nikamwambia kuna vitanda vitatu vitupu, na sakafu ni pana.

Akasema atapanda basi la asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe atampigia simu yule mama wa sombe. "Uniandike kwenye mahudhurio," akaongeza. "Uongo wako tutaujadili kwenye mengineyo."