Ngoma ya Mtemi

Kwenye hoteli moja ya Shinyanga, mpigaji alikuwa akiipaka ngozi ya ngoma samli kabla ya kuwaburudisha watalii. Harufu ile ikanirudisha utotoni, nyumbani kwa bibi.

Bibi alitunza ngoma kubwa iliyopigwa mtemi anapofariki tu. Siku moja, yeye akiwa shambani, wageni walikuja na kamera zao, na mjomba akawapigia. Mlio wake mzito uliniingia tumboni. Wanawake wakatoka kwenye mashamba ya pamba wakilia, mikono kichwani. Wageni wakawapiga picha, wakidhani ndio wachezaji.

Bibi alifika akihema na kulia. "Mtemi amefariki lini?"

"Hajafa mtu, mama. Nimewapigia wageni tu."

Bibi akaketi chini, akalia upya. Wageni wakapiga makofi.