Mtamba wa Mke Wangu

Hakuna jambo la dunia hii lililoweza kunishangaza. Nilikuwa namwambia hivyo kila mtu, na nilikuwa na haki ya kusema. Shule niliishia darasa la pili, lakini katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa tayari na nyumba ya bati pale Somanda, baiskeli mbili, na ng'ombe ambao sikuwa na haja ya kuwahesabu maana kila mmoja nilimjua kwa sura. Nilinunua ng'ombe vijijini nikawaswaga hadi mnadani Maswa. Ujanja wote nimeuona huko. Nimeona ng'ombe aliyelambishwa chumvi ili anywe maji tumbo lijae, aonekane amenona. Nimeona pembe zilizokwanguliwa ili ng'ombe mzee aonekane kijana. Muuzaji akianza kuniapia kwa jina la Mungu, mimi nilikuwa nainama kutazama kwato.

Na Mungu mwenyewe tulikuwa tumeachana. Nilibatizwa nikiwa kijana, nikaoa kanisani, nikaimba kama wengine. Halafu homa ikamshika mtoto wetu, wa pekee, aliyekuwa ameanza kunifuata zizini. Mwalimu wa dini alikaa nasi akiomba mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akafa. Nikaamuru vitu vyake vyote viondolewe, nikamwambia mke wangu kwamba sitaki kusikia habari zake tena katika nyumba yangu. Yeye akaendelea kwenda kanisani. Mimi Jumapili nikazifanya siku za kukagua mifugo.

Ilipita miaka kadhaa namna hiyo. Kisha, wiki moja kuelekea Krismasi, akapita mama mmoja wa Lamadi, muuza samaki wakavu, anayezunguka vijiji vyote na tenga kichwani.

"Mwadila, tajiri!"

"Mwadila, mama. Samaki wako nimewasikia harufu toka barabarani kabla sijakuona."

"Ndio wanaonitangazia biashara. Na wewe hongera, bwana. Nimemwona mtamba wenu kule Zagayu, kwa shemeji yako. Ng'ombe kijana mzuri, mgongo umenyooka."

"Mtamba wetu yupi?"

"Oho! Kumbe ni wa mama mwenyewe." Akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Basi mimi sijasema. Nunua samaki."

Nikanunua wengi kuliko haja yetu, nikitaka kumtoa maneno mengine. Hakutoa. Alichukua hela akaenda zake.

Sasa nielewe nini? Kwetu mwanamke akitaka kumwacha mume, jamaa zake hurudisha ng'ombe wa mahari. Nilimwoa huyu kwa ng'ombe wengi, wazuri, kila mtu aliwaona wakipita. Mke anayefuga kwa siri kwa kaka yake, anafugia nini? Na tena mke asiye na mtoto wa kumshikilia. Nikapiga hesabu zangu nikaona jibu ni moja tu: ananiacha, na anaanza na mtamba.

Sikumwuliza. Sina desturi ya kuuliza bei ya mnyama nisiyemwona. Nikaanza kumtazama tu. Nikaona mambo ambayo sikuwa nayaona. Alikuwa anakwenda kwao mara nyingi mno. Alikuwa anatazama nje kwenye mbuga, mvua ikinyesha, ugali unapoa. Mwalimu wa dini alikuja, wakaongea chinichini jikoni; nilipokohoa, wakanyamaza wote wawili.

"Mwalimu ana shida gani?" nikauliza.

"Mambo ya Krismasi."

"Krismasi ina mambo ya kunong'ona?"

"Njoo kanisani, utayasikia kwa sauti," akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Asubuhi ya Krismasi akavaa gauni lake la bluu akatangulia kanisani. Nikangoja kidogo, nikachukua hela zote zilizokuwa kwenye mkoba wangu, maana nilijua jamaa zake watakuwepo, na mwanaume akigombana na ukweni asiende mikono mitupu, nikapanda baiskeli. Udongo wa mbuga ukaganda kwenye magurudumu, njia nzima nikasukuma baiskeli kwa miguu. Nikafika nimechafuka mpaka magotini, nami ni mtu anayependa kuonekana nadhifu.

Nje ya kanisa, kwenye ua wa minyaa, nikamwona. Mtamba mwekundu, baka jeupe kwenye paji, kamba mkononi mwa shemeji yangu. Macho yangu yakampima yenyewe: shilingi mia na kumi, na mwenye haraka angetoa mia na ishirini.

"Mwangaluka, shemeji," akasema, akitazama chini.

"Mnyama wa nani huyu?"

"Muulize dada."

Ndani walikuwa wanaimba. Nikasimama dirishani, sikuingia. Mwalimu alisoma habari za mtoto aliyezaliwa zizini. Nikasema moyoni, zizi ninalijua mimi, si mahali pa kumlaza mtoto. Nikatazama juu ya bati lao nikitafuta misumari iliyolegea, ili nisisikilize. Lakini nilisikia.

Ibada ilipokwisha wakatoka nje kwa mnada. Kanisa letu hilo, watu wengi wakati wa mvua hawana fedha, pamba imeuzwa zamani, basi huleta sadaka ya mali: kuku, boga, mchele. Mzee wa kanisa huvinadi hapo uani, fedha inakwenda kanisani. Sasa mnada ni kazi yangu, nikasogea kuona wanavyoibiana. Likanadiwa yai moja. Mtu akalinunua kwa shilingi nzima. Kisha, badala ya kuondoka nalo, akasema, "Narudisha." Likanadiwa tena! Mwingine akatoa shilingi, naye akarudisha. Nikawatazama usoni mmoja mmoja nikitafuta ni nani aliyepangwa kupandisha bei. Watu walikuwa wanacheka tu.

Ndipo akaletwa mtamba. Nikamwendea mke wangu.

"Unanificha ng'ombe, halafu unamleta kwa mwalimu wako?"

Hakushtuka. "Si wangu. Ni wa mwanao."

"Nani?"

"Kuku aliyepewa na shangazi yake, unamkumbuka? Ulisema vitu vyake vyote viondoke. Nikampeleka kwa kaka. Kuku wakawa wengi, tukapata mbuzi. Mbuzi wakazaa, tukapata huyu."

"Na hukuniambia."

"Ulisema hutaki habari zake."

"Basi mbona leo unamtoa?"

"Nilikuwa nikienda Zagayu namshika shingo nalia. Miaka yote hii, baba. Nimechoka kulia mbele ya ng'ombe. Mtoto yuko kwa Mungu. Na chake kiende huko huko, nami nipumzike."

Maneno mazuri. Nami maneno mazuri nimeyasikia mengi. Nikaenda kwa yule mtamba, nikamshika sikio la kushoto.

Kila ukoo una alama yake ya kukata sikio. Kama angekuwa wa kurudishia mahari, angekuwa na alama ya ukoo wao, ya kaka yake anayemfuga. Nikageuza sikio. Mikato miwili chini, mmoja nchani. Alama yangu mimi. Ilikatwa mnyama akiwa ndama, kovu limekauka zamani, haikuwa kazi ya jana kwa ajili ya kunidanganya. Tangu siku ya kwanza alikuwa wa nyumba yangu.

Nikabaki nimeshika sikio kama mjinga.

"Tajiri," mchinjaji mmoja tunayefahamiana toka mnadani Maswa akaniita, "unamnong'oneza nini? Mwachie, kesho yuko kwenye kulabu yangu. Mia na ishirini!"

"Mia na thelathini," nikasema.

"Huyu? Umelewa? Mia na arobaini!"

Siku zote nimewacheka wanunuzi wanaopandwa na mori mnadani. Nikasikia sauti yangu: "Zote."

"Zote ngapi, ndugu?" mzee wa kanisa akauliza.

Nikaumwaga mkoba wote juu ya meza ya mnada, na sarafu za mfukoni. Wazee wawili wakainama kuhesabu. Nikashika kamba.

Mke wangu akaja karibu. "Unampeleka nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi sasa utalia wewe."

Nikamtazama mtamba. Nikafumba macho, na bila kujipanga nikasema na Mungu, kwa mara ya kwanza tangu tulipozika. Sala haikuwa nzuri. Nilisema: Wewe, ugomvi wetu bado upo. Lakini huyu mtoto nakuachia. Mtunze. Nikalitaja na jina la mtoto, kwa sauti, watu wote wakasikia. Mke wangu akanishika mkono hadharani, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Narudisha," nikamwambia mzee wa kanisa.

Akanadiwa tena. Mchinjaji akakunja mikono akatazama minyaa. Mpaka leo najiuliza alikuwa na hila gani, maana sijawahi kumwona akiacha faida. Mtamba akachukuliwa na mzee mmoja na mkewe, wakulima wa mpunga, kwa ajili ya maziwa, bei ya kutupa kabisa.

Baada ya hapo niliichunguza imani yangu kama ninavyomchunguza ng'ombe wa mtu nisiyemjua: nikaifunua mdomo, nikaitembeza, nikangoja ianze kuchechemea. Jumapili iliyofuata imani ilikuwa ipo bado. Na ile nyingine pia. Mke wangu aliacha kwenda Zagayu peke yake. Jina la mtoto likarudi kutajwa mezani.

Wafanyabiashara wenzangu hunitania kwamba kanisa linakula mali ya watu, nao wanataka kujua mimi lilinila kiasi gani. Siwafichi, maana mzee wa kanisa aliihesabu mara mbili mbele ya wote: shilingi mia moja themanini na tatu na senti arobaini.